Gunia Zito la Kwenda Bokoli

Msimu wa kuvuna mahindi ukifika, watoto wa Trans-Nzoia hawana likizo. Shule zimefungwa, ni kweli, lakini kila uwanja umetandikwa turubai, juu ya turubai kuna mahindi, na kando ya mahindi kuna mtoto mwenye fimbo anayefukuza kuku. Nyumbani kwa kina Nakhungu, nje kidogo ya mji wa Kitale, mtoto huyo alikuwa Nakhungu mwenyewe. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kuku wa kwao walikuwa wamemzoea kiasi cha kutomwogopa tena.

Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote za msimu ule, baba yake aliyatandaza mahindi kwa kuburuta mguu, ili punje za chini nazo zipate jua. Baba huyo aliitwa Hesbon. Alikuwa mkulima hodari na mtu wa kanisa. Hakunywa pombe, hakucheza kamari, na shamba lake lilipaliliwa mapema kuliko ya wenzake. Ila alikuwa na hasira za karibu.

"Nakhungu."

"Naam, baba."

"Mimi naenda mjini. Mama yako ako kwa mkutano wa akina mama kanisani. Ukiona wingu, unafanya nini?"

"Nakusanya mahindi naingiza kwa veranda."

"Mvua ikipata hii mahindi, tutajuana."

Kila mtu katika nyumba ile alijua maana ya "tutajuana". Neno hilo lilikuja na mshipi.

Ndiyo maana kwao hakuna kitu kilichowahi kuvunjwa na mtu. Vikombe vilijivunja vyenyewe, na jembe lilipotea bila kuguswa. Hata mama yake, Fridah, mwanamke mkweli kanisani na sokoni, alipoangusha chupa ya chai mwaka uliopita, alivifunga vigae kwenye gazeti akavitupa chooni. Kisha akamwambia Nakhungu, "Baba akiuliza, wewe hujui." Nakhungu akaulizwa, akasema hajui. Kufikia msimu huu alikuwa fundi kamili wa kutojua.

Adhuhuri jua liliwaka sana. Nakhungu hakukusudia kuacha kazi. Rafiki yake Kabura, wa ng'ambo ya ua, ndiye aliyemwita amsuke nywele kwa sababu kesho yake alikuwa anaenda harusi. Kabura naye alikuwa akilinda mahindi ya kwao. Waliketi kivulini, nyuma ya nyumba ya kina Kabura, ambako mahindi hayaonekani wala mawingu yanayotoka Mlima Elgon hayaonekani. Wakasuka, wakacheka, wakasengenya walimu wawili watatu. Walipohisi baridi na kuinua macho, matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga mabati.

Walikimbia kila mmoja kwao. Nakhungu alivuta ncha ya turubai, ikamshinda. Akavuta tena, akafunika nusu, lakini maji yalikuwa yamekwisha kujaa katikati, na mahindi yakalala humo kama maharagwe yaliyorowekwa. Akayachota kwa beseni, akayamwaga verandani, akarudi, akachota tena. Mvua ilipokatika, alikuwa amelowa chapachapa, na mahindi yalikuwa yamelowa zaidi yake.

Alisimama pale akikamua nguo. Akasikia sauti ng'ambo ya ua. Kabura alikuwa akimwendea baba yake, Mzee Gichuki, aliyekuwa kibandani akitengeneza bomba la kunyunyizia dawa.

"Baba, mahindi imenyeshewa. Nilikuwa nasukwa nywele."

Nakhungu alingoja kusikia kofi.

"Umeacha mahindi yote inyeshewe kwa sababu ya nywele, Kabura?"

"Ndiyo, baba."

"Hiyo ni kazi yetu ya mwaka mzima." Sauti ya Gichuki ilikuwa na hasira, na hakuificha. "Haya, kuja. Toa viti sebuleni tuanike huko ndani, tuwashe jiko. Na hiyo harusi ya kesho huendi. Utabaki hapa ukigeuza mahindi."

"Sawa, baba."

Ikawa imekwisha. Kabura alilia kidogo kwa ajili ya harusi, na alistahili kulia, lakini baba na mtoto walionekana wakibeba viti pamoja kama watu wenye shida moja. Nakhungu alitazama kupitia mwanya wa ua na hakuelewa alichokiona. Kwao, mtu akikosa, hapakuwa na shida ya mahindi tena. Palikuwa na shida ya baba tu.

Nataka msomaji aelewe kwamba Nakhungu hakuwa mtoto mbaya. Alifanya kile ambacho nyumba yake ilimfundisha kufanya. Pale verandani palikuwa na gunia la mahindi yaliyokauka tangu jana, ambalo mdomo wake haukuwa umeshonwa. Alichukua gunia tupu, akamimina ndani yake mahindi yaliyolowa, yote, hadi yakapita nusu. Juu yake akamimina makavu kutoka kwenye lile gunia la jana. Akashona mdomo kwa sindano ya gunia, akapangusa turubai kwa tambara, akalianika kwenye ua na kubadilisha nguo.

Jioni Fridah alirudi kutoka kanisani, na baada yake Hesbon, matope hadi magotini.

"Mvua imenyesha huku?"

"Ndiyo, baba."

"Na mahindi?"

"Niliingiza mapema."

Hesbon alimtazama. Akaendea gunia, akatoboa pembeni karibu na mdomo, akatoa punje chache, akaitafuna moja. Ikalia ka, kama punje kavu inavyolia. Alitabasamu, na tabasamu la Hesbon halikuwa kitu cha kila siku.

"Umefanya kazi ya mtu mkubwa," alisema. "Mama Nakhungu, mpatie huyu mtoto maziwa."

Nakhungu aliyanywa maziwa yale. Hakuwahi kunywa maziwa mabaya kama yale.

Alipanga kulifungua gunia kesho yake, baba akitoka, ayaanike mahindi upya bila mtu kujua. Lakini kesho yake alfajiri Hesbon aliyabeba magunia yote hadi ghalani, akayapanga, akafunga kufuli na kuutia ufunguo mfukoni. Wizi wa mahindi ulikuwa umezidi kijijini. Kila siku Nakhungu alipita karibu na mlango wa ghala akinusa. Hakusikia harufu, akaanza kujidanganya kwamba labda mahindi yamejikausha yenyewe.

Siku chache baadaye Gichuki alikuwa anaenda Webuye na pikapu yake, na Hesbon akamwomba ambebee mama yake gunia moja. Mama huyo, ambaye wajukuu walimwita Kukhu, aliishi Bokoli. Mdogo wake Nakhungu, Tonny, mwenye umri wa miaka minne, alikuwa huko likizo nzima. Hesbon alifungua ghala, akaanza kuyainua magunia mojamoja, akiyatikisa.

"Hii ni nyepesi. Hii pia." Akafikia la tatu, akaguna. "Hii ndiyo iko na uzito mzuri. Mama yangu siwezi mpelekea mahindi nyepesi. Jirani, shika huku."

Lilikuwa lile lile. Lilikuwa zito kwa sababu lilikuwa na maji. Hesbon alilichagua kwa sababu alimpenda mama yake, na Nakhungu, aliyesimama hatua chache kutoka mlangoni, alifungua mdomo.

"Unataka nini?" baba aliuliza.

"Hakuna, baba."

Pikapu ikaondoka. Nakhungu alilifuata kwa macho lile gunia hadi kona, akajiambia kwamba Kukhu ni mtu mzima, ataona.

Wiki zilipita. Krismasi ilikuwa karibu. Jioni moja Nakhungu alienda kwa kina Kabura kuomba moto, akamkuta Gichuki akichimba shimo nyuma ya choo. Kando yake palikuwa na karai la mahindi yenye rangi ya kijani na kijivu.

"Hii ni ile ilibaki pembeni ya sebule, chini ya kochi," Kabura alieleza. "Hatukuona."

"Si mpee kuku tu?" Nakhungu aliuliza.

"Hata kuku sitaki wale," Gichuki alisema bila kuinua kichwa. "Mahindi ikifungwa na maji inaota hii kuvu, na hii kuvu inaweka sumu ndani ya punje. Mtu anaweza kuugua tumbo, anatapika, maini inaharibika. Watu wamekufa nayo hii Kenya."

"Na mtu akiosha? Ikirudi kuwa safi?"

"Ikioshwa inaonekana safi. Sumu inabaki. Hata uchemshe namna gani." Akayamwaga shimoni, akaanza kufukia. "Ndiyo watu wanadanganyika hapo. Wanaosha, wanaanika, wanasaga."

Nakhungu alisahau moto aliotumwa. Alirudi mikono mitupu. Alimjua Kukhu. Kukhu hakuwahi kutupa chakula tangu azaliwe. Kukhu angeosha.

Usiku ule hakula ugali wake. Asubuhi, Hesbon akiwa zizini akikamua ng'ombe, simu ya mama ililia. Alikuwa Kukhu. Fridah aliiweka kwa sauti ya juu huku akiendelea kukata sukumawiki.

"Tonny anatapika tangu jana mchana," Kukhu alisema. "Nafikiri ni mapera mabichi. Hata mimi tumbo haiko sawa. Ngoja nimpeleke zahanati tu. Simu yangu inataka kuzima."

Ikazima kweli. Fridah alishusha pumzi, akasema watoto na mapera hawaachani. Kisha akaona uso wa binti yake.

"Nini wewe?"

Nakhungu alimwambia yote, kwa kunong'ona, macho yakiwa kwenye mlango. Kisu kilisimama juu ya mboga. Fridah alipiga simu Bokoli, akaambiwa mteja hapatikani. Akapiga tena. Akaenda dirishani, akachungulia zizi, akarudi.

"Usimwambie baba yako," alisema. "Unasikia? Nitaendelea kupiga. Kukhu akiweka chaji kwa simu nitamwambia asitumie hiyo mahindi. Itaisha hivyo."

"Na Tonny, mama?"

"Si anaenda zahanati?"

"Watamwuliza amekula nini. Kukhu atasema mapera."

Fridah alibonyeza simu tena, na mteja hakupatikana tena. Huko nje ndoo iligonga mlango wa zizi. Hatua za Hesbon zikaja zikivuka uwanja. Nakhungu angeweza kutojua mara moja zaidi. Lilikuwa jambo rahisi, na mama mzazi alikuwa amemruhusu. Lakini alimwona Tonny akipewa dawa ya tumbo, akirudishwa nyumbani, akiwekewa ugali ule ule mezani.

Hesbon aliingia na ndoo ya maziwa.

"Baba, lile gunia ya Kukhu ilikuwa imenyeshewa."

"Ati nini?"

"Siku ya mvua nilikuwa kwa kina Kabura namsuka nywele. Niliweka mahindi ya maji chini, nikaweka kavu juu. Baba Kabura amesema inaleta sumu. Tonny anatapika, na Kukhu pia."

Hesbon aliweka ndoo chini polepole. Mkono wake ukaenda kiunoni, kwenye mshipi, kama ulivyozoea kwenda. Nakhungu alifumba macho, lakini hakunyamaza.

"Utanichapa baadaye, baba. Kwanza twende Bokoli."

Alipofumbua macho, mshipi ulikuwa bado kiunoni na uso wa baba ulikuwa umebadilika rangi.

"Mbona hukuniambia?" Sauti ilikuwa kubwa, lakini ilipasuka katikati. "Nilikuuliza. Si nilikuuliza hapo nje?"

"Nilikuogopa."

"Ungeniambia tungeanika siku hiyo hiyo."

"Kabura alimwambia baba yake wakaanika," Nakhungu alisema, machozi sasa yakimtoka. "Mimi nilikuogopa, baba. Nilikuogopa kuliko mahindi kuharibika."

Fridah aliweka kisu chini.

"Mimi pia amenieleza sasa hivi, nikamwambia asikuambie," alisema. "Kwa hivyo usimwone yeye peke yake. Hata mimi nakuogopa, Baba Nakhungu."

Hesbon alimtazama mkewe, akamtazama binti yake. Aligeuka akatoka mbio, na wakamsikia ng'ambo ya ua akimwita Gichuki alete pikapu.

Fridah alibaki nyumbani na simu. Nakhungu aliketi kati ya wanaume wawili, Kitale ikabaki nyuma, kisha Kiminini, kisha Kamukuywa. Hesbon alikuwa na simu yake sikioni, akipiga, akikata, akipiga tena. Gichuki, ambaye kwa kawaida aliendesha kama mtu aliyebeba mayai, siku hiyo hakusalimia hata matuta. Nakhungu aliomba Mungu kimoyomoyo, na ombi lenyewe lilikuwa fupi: asife.

Bokoli, nyumba ya Kukhu ilikuwa imefungwa. Uwanjani palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka mahindi yaliyooshwa, meupe, mazuri kwa macho. Hesbon aliokota punje, akainusa, akaitupa. Jirani mmoja, mama kijana aliyeitwa Emmy, alikuja na mtoto mgongoni.

"Kukhu wameenda zahanati na Tonny. Karibuni. Na asante kwa mahindi, Baba Tonny. Kukhu alitugawia, sisi na majirani wengine, kwa kina Sandra. Mungu akubariki."

Nakhungu alimtazama mtoto aliyekuwa mgongoni.

"Mmekula?" aliuliza kabla ya baba yake.

"Bado. Tumesaga jana jioni tu. Leo ndiyo nataka kupika."

"Usipike," Hesbon alisema. "Na waambie kwa kina Sandra wasipike. Nikirudi nitakueleza."

Zahanati ilikuwa karibu. Kukhu alikuwa ameketi kwenye benchi, leso mabegani, na Tonny alikuwa amelala mapajani pake, midomo imekauka. Mhudumu wa afya, aliyeitwa Jelagat, alikuwa amechuchumaa mbele yao.

"Ni mapera, daktari," Kukhu alikuwa akisema. "Watoto wa huku wanakula mapera kama ndege."

Hesbon alisimama mlangoni. Nakhungu alimngoja aseme, kwa kuwa wakubwa ndio husema mahali kama pale. Hesbon aliweka mkono juu ya bega la binti yake. Bega lilishtuka, na yeye akalihisi likishtuka.

"Mwambie daktari," alisema kwa upole. "Wewe ndiye unajua. Mimi nimesimama hapa."

Nakhungu akasema. Alieleza mvua, gunia, majuma ambayo gunia lilikaa limefungwa, na mahindi yaliyooshwa mkekani. Jelagat aliuliza maswali, na kila swali likapata jibu la kweli. Kisha akainuka haraka. Tonny alitundikiwa dripu, akatolewa damu ya kupima, na Kukhu naye akaambiwa alale kitanda cha pili, apende asipende.

"Mmefanya vizuri kuja," Jelagat alimwambia Hesbon alipotoka. "Kama si huyu msichana, ningempa dawa ya tumbo nimrudishe nyumbani. Na nyumbani angekula ugali ile ile kesho, na kesho kutwa. Hiyo ndiyo ingemmaliza. Tutamlaza hapa tukimwangalia."

Walingoja. Hakuna kazi ngumu kama kungoja, hasa kwa mtu aliyezoea kuamrisha. Mchana ukaenda. Tonny alitapika mara moja zaidi, akalala. Alipoamka aliomba maji, akayanywa, na maji yakakaa. Jelagat alimshika paji la uso, akasema dalili ni nzuri, ila atabaki hapo mpaka majibu ya damu yaje. Nakhungu alilia kwa sauti wakati huo, pale pale, mbele ya wagonjwa wengine, na hakuona aibu.

Kukhu alimwita mwanawe aketi kando ya kitanda.

"Hesbon. Huyu mtoto amekosa, na amesema. Wewe utamfanya nini?"

"Sijui, mama."

"Nyosha mkono wa kushoto."

Hesbon alisita. Mkono wake wa kushoto haukunyooka vizuri kwenye kiwiko, na watoto wake aliwaambia siku zote kwamba alizaliwa nao hivyo.

"Huyu hakuzaliwa na huo mkono, mayi," Kukhu alimwambia Nakhungu, akimwita kwa jina lile ambalo nyanya wa Bungoma huwaitia wajukuu wao wa kike. "Alianguka kutoka juu ya mti akichunga. Baba yake alikuwa amemkataza kupanda. Mkono ukavunjika, akaficha. Akala na mkono mmoja, akalala na maumivu, mpaka mfupa ikashika vibaya. Alimwogopa baba yake kuliko kuvunjika." Akapumzika kidogo. "Na mimi nilijua. Nilimfunga na leso nikanyamaza. Nilifikiri namsaidia."

Hesbon alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nilisema sitakuwa kama yeye," alisema.

"Ulisema. Lakini mtoto anajifunza ile nyumba anaishi ndani, si ile maneno anaambiwa. Ukimwambia mtoto aseme ukweli, halafu ukweli ikitoka unaipiga na mshipi, umemfundisha nini? Adhabu mpe, hata huyu jirani yako Gichuki alimpa wake, ameniambia. Lakini akikuletea shida yake, shika shida kwanza."

Jioni, Gichuki akikaa na Tonny, Hesbon na Nakhungu walirudi nyumbani kwa Kukhu. Walichimba shimo refu, wakayamwaga mahindi ya mkekani, unga wa jikoni, na yote yaliyobaki kwenye gunia, wakaliacha wazi kwanza lipokee na ya majirani. Kisha wakaenda kwa Emmy. Alikuwa amesimama mlangoni na beseni la unga, akingoja maelezo. Nyuma yake walikuwa mume wake na shemeji zake wawili.

Hesbon alikohoa. Alikuwa mtu wa heshima pale Bokoli, kijana aliyeenda Trans-Nzoia akafanikiwa.

"Hii mahindi," alianza, "nafikiri iliharibika njiani. Unajua hizi gari, mvua ikinyesha…"

Nakhungu alimtazama. Hakusema kitu, hakuvuta shati lake, hakukohoa. Alimtazama tu, kwa sababu alikuwa na hamu ya kuona watu wazima hufanyaje mahali kama hapo.

Hesbon aliyaona macho yale. Akavua kofia.

"Hapana," alisema. "Haikuharibika njiani. Iliharibika nyumbani kwangu. Ilinyeshewa, na huyu msichana wangu akaogopa kuniambia, akaficha. Kuficha alijifunza kwangu. Mimi ndiye nilimfundisha kuniogopa. Iko na sumu ya kuvu, na kuosha haisaidii. Nimekuja kuomba msamaha, na nitaleta ingine."

Mume wa Emmy alimtazama mtoto mgongoni kwa mkewe. Kisha akamshukuru Hesbon kwa sauti nzito kwa kuwaambia kabla hawajapika. Emmy akalileta beseni, na unga ukamwagwa katika lile shimo la kwa Kukhu.

Baba na binti walitoka, wakashika njia ya kwenda kwa kina Sandra. Hesbon alitangulia, kofia mkononi.

"Baba," Nakhungu alisema, "hapo niseme mimi, kama kule zahanati?"

"Hapana," Hesbon alijibu. "Wewe umesema ya kutosha leo. Hapo nitasema mimi, tena yote, tangu mwanzo."

Na alipofika akayasema yote, bila kungoja Nakhungu amtazame.